Sharti la Sita

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza, na kama kawaida yake zimeanza kwa kunitia hasara ya karatasi. Karatasi zimevuta unyevu, mashine ya fotokopi imezitafuna kumi na moja kabla ya saa nne. Mteja alitaka nakala mbili za cheti cha kuzaliwa. Nikamtolea moja na nusu, akaniangalia kama mimi ndiye niliyeileta mvua.

Mchana nimeandika kwenye blogu kuhusu mtaro ulioziba nyuma ya soko. Blogu hii ya mtaa ina mwaka wa tano sasa. Maji yakikatika naandika, taa ya njia panda ikifa naandika. Kufikia saa kumi kulikuwa na maoni arobaini na mawili. Matatu yalihusu mtaro. Yaliyobaki ni wanaume wawili wanaotukaniana mama zao, na mtu mmoja anayeuza dawa ya kuotesha nywele.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Maoni sitini na moja. Nimefuta kumi na tisa. Mmoja wa niliowafuta amejifungulia jina jipya na kurudi kunitukana kwa sababu nilimfuta.

Jumamosi, 9 Machi

Leo tumekutana watatu chumba cha nyuma cha duka langu, kati ya maboksi ya karatasi. Mwalimu, mstaafu anayeandika blogu ya vitabu. Mama Maua, anayeandika kuhusu bustani, ambaye wasomaji wake wamewahi kutishiana maisha kwa ajili ya samadi. Na mimi. Sote tumechoka. Hakuna serikali inayotulazimisha kitu, wala hatutaki itulazimishe, kwa hiyo tumeamua kujiwekea wenyewe masharti ya hiari. Anayekubali anaweka alama pembeni mwa ukurasa wake, picha ya viganja viwili, ili msomaji ajue ameingia nyumba ya watu waungwana.

Kikao kimechukua saa tatu. Saa nzima imekwisha tukibishana kama "mjinga" ni tusi. Mwalimu alisema inategemea anayeambiwa.

Masharti ni haya. Kila mchangiaji awe na jina moja na barua pepe inayofanya kazi. Usiandike usichoweza kumwambia mtu usoni. Kabla ya kufuta maoni, mwandikie mwenyewe faraghani na usubiri siku nzima. Swali lililoulizwa kwa adabu halifutwi. Mtafuta ugomvi hajibiwi.

La sita nimelitoa mimi. Mwenye blogu hatautumia ukumbi wake kumtetea ndugu wala rafiki. Nilimtazama Mama Maua nikilisema, kwa sababu mwaka jana alifuta kila mtu aliyelalamika kwamba mbolea ya kaka yake ilikuwa nusu mchanga. Alikaa kimya kidogo, kisha akasaini. Mwalimu alisema hilo ndilo lenye uzito kuliko yote, maana linamgusa mwenye nyumba mwenyewe. Nakiri kichwa kilinivimba. Nimeyachapa kwa wino wa rangi, nikayatia plastiki na kuyabandika ukutani.

Mke wangu ameyasoma yote sita akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama chai nayo nitaipata kwa masharti. Sasa naitwa Bwana Masharti.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Maoni ishirini na nane, hakuna hata tusi moja. Yanachosha kusoma, lakini nimefurahi.

Jumatatu, 18 Machi

Saa tatu asubuhi simu imelia. Dada. Nyuma yake nilisikia king'ora na mtu akigumia. Alisema yuko ndani ya gari la wagonjwa, ana mama anayetoka damu baada ya kujifungua, wanakwenda hospitali kubwa, hajui atarudi lini, watoto nikawachukue shule saa nane. Akakata kabla sijajibu. Dada ndiye mkunga wa zahanati ya mtaa, peke yake, mwaka wa kumi na nane huu. Ndiye pia aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa, mama yetu alipofariki. Hajawahi kuniomba kitu akasubiri jibu.

Nikafunga duka na kwenda. Njia ya shule imegeuka tope tupu, kiatu cha kushoto kimeachia soli. Wapwa zangu walikuwa wamesimama chini ya paa la ofisi, wa mwisho kuchukuliwa, wakaniambia, "Mjomba, umechelewa." Tumerudi tumelowa watatu.

Dada alikuja kuwachukua saa kumi na mbili. Sare yote maji, viatu vina damu. Yule mama amepona. Alikula amesimama, mgongo kwenye mlango wa jikoni, huku akitueleza kilichotokea nyuma yake. Alipoondoka, mama mwingine alifika zahanati. Alikuwepo nesi mmoja tu, yule wa chanjo, na foleni yake imejaa hadi nje. Mama akajifungulia kwenye benchi la ukumbini, mbele za watu. Mtoto mzima, mama mzima, lakini Dada sauti ilikuwa inamtetemeka kwa hasira. Ameshaandika barua tatu kuomba mkunga wa pili.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeandika makala: mkunga mmoja hatoshi. Sikumtaja jina wala sikusema ni nani kwangu, ingawa mtaa mzima unajua.

Jumamosi, 23 Machi

Saa nne asubuhi limeingia swali kutoka kwa anayejiita Jicho la Mtaa. Nalinakili lote:

"Ndugu mwandishi, hongera kwa kazi nzuri. Naomba kuuliza kwa heshima. Je, ni kweli kwamba Jumatatu mama alijifungulia kwenye benchi kwa sababu mkunga alikuwa ameondoka kazini kwa shughuli zake? Nauliza tu, ili sisi wananchi tuelewe."

Nimelisoma mara tatu nikilitafutia kosa. Jina moja, ndiyo. Barua pepe inafanya kazi, nimeijaribu. Adabu imejaa tele, hata hongera imo. Kwa sharti la nne halifutwi. Nikaanza kuandika jibu: mkunga alikuwa ndani ya gari la wagonjwa, mimi mwenyewe nimesikia king'ora. Nimefika katikati nikainua macho ukutani, nikaliona sharti la sita.

Nikafuta nilichoandika. Badala yake nikaweka hivi: "Swali limepokelewa. Kwa kuwa mhusika ni ndugu wa mwenye blogu, sitalijibu. Tunasubiri uthibitisho wa wenye mamlaka."

Nilijiona mtu mwenye msimamo. Naandika hapa ili nisije kujidanganya baadaye: nilifurahi na nafsi yangu. Nilimpigia Mwalimu kumsomea, akasema huo ndio uungwana wenyewe.

Jumapili, 24 Machi

Maoni mia moja na kumi na nane. Sijawahi kuwa na idadi hiyo. Yote yana adabu. "Samahani kuuliza." "Bila kumhukumu mtu." "Kwa heshima zote, hivi hizo shughuli zake ni zipi, au ndiyo ile zahanati ya kulipia anayosemekana kufungua?" Zahanati ya kulipia. Dada hana hata jiko la pili.

Na hili, lililopata watu sabini wa kuliunga mkono: "Kama mdogo wake wa tumbo moja hawezi kusema hakuondoka, sisi ni nani?"

Nimekaa nalo asubuhi nzima. Kisha nikafanya kama sharti la tatu linavyotaka, nikamwandikia Jicho la Mtaa faraghani kwamba swali lake linazua madhara na nafikiria kuliondoa, nampa siku moja ajieleze. Amejibu baada ya dakika tano. Amenishukuru kwa kumheshimu. Amesema blogu zote zingekuwa kama yangu, nchi ingekuwa mbali.

Jumatatu, 25 Machi

Siku niliyompa imekwisha, swali nimeliondoa, ingawa sharti la nne linakataza. Limeshapigwa picha na kuzungushwa kwenye makundi yote ya simu, na jibu langu chini yake. Mwenye duka la mkabala ameniletea simu yake nione, akidhani sijaona.

Mke wangu hakuniita Bwana Masharti leo. Alisubiri nimalize kunywa chai.

"Ulikwenda kuwachukua wale watoto, au hukwenda?"

Nikamwambia hilo silo jambo lenyewe, kwamba nikianza kumtetea ndugu, kesho kila mtu atasema ukumbi ni wa ukoo.

"Nimekuuliza ulikwenda au hukwenda."

"Nilikwenda."

"Basi ulikuwa shahidi," akasema, akachukua kikombe changu kikiwa bado na chai ndani.

Jumanne, 26 Machi

Karani wa zahanati amekuja dukani saa tano. Ni mtu mpole, anakuja kila wiki kutoa nakala za fomu. Leo alikuwa na karatasi moja ndani ya bahasha. Alisita kuitoa. Ilikuwa ukurasa wa blogu yangu, uliochapwa kwa mashine yao inayofifia, na alitaka nakala tatu zinazosomeka, kwa ajili ya jalada. Mkunga ameitwa kujieleza. Wakati uchunguzi unaendelea, hazalishi mtu wala hapimi mtu. Amewekwa chumba cha kadi.

Nikamuuliza uongozi umetegemea nini. Akaonyesha kwa kidole mstari wangu. Mkubwa wao amesema: swali lingeweza kuwa uzushi, lakini ndugu yake mwenyewe ameandika anasubiri uthibitisho, maana yake kuna jambo.

Nikamtolea nakala tatu. Siku zote za mvua mashine hii inanigomea, lakini leo haikunasa hata karatasi moja. Zilitoka safi, mstari wangu umekolea. Karani akauliza anilipe ngapi, nikamwambia aende tu.

Jumatano, 27 Machi

Dada hapokei simu. Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Nimewaita wenzangu. Nikawaambia nataka kuandika ukweli wote, na kwamba sharti la sita lifutwe. Mwalimu akavua miwani. Alisema masharti hayabadilishwi siku yanapombana mtunzi wake, la sivyo yalikuwa mapambo. Alisema ananielewa kwa huruma zote lakini nikiandika nitakuwa nimevunja ahadi niliyoisaini. Aliongea vizuri, kwa utaratibu, na nilitamani kumtupia boksi la karatasi.

Mama Maua alikuwa amekaa juu ya boksi la karatasi. Akafunga mkoba wake.

"Mimi nilimtetea kaka yangu, na ile mbolea ilikuwa na mchanga kweli. Nilijua. Ndiyo maana siku ile ulipolisema sikufungua mdomo." Akasimama. "Ya kwako haikuwa na mchanga. Ulichonyamazia ni ukweli, na umeuita uadilifu."

Mwalimu akasema tusitumie maneno makali. Nikamwambia sharti linakataza matusi, na hilo halikuwa tusi.

Ijumaa, 29 Machi

Nimekwenda kwa Dada alipotoka kazini. Mvua ilikuwa nyembamba. Watoto walinifungulia, wakanikumbatia, akawaambia waende chumbani wakamalize kazi za shule. Alikuwa anakunja nguo kitandani, ambazo hazikukauka vizuri, akizinusa moja moja na kurudisha nyingine kwenye kamba ya ndani. Hakuacha kazi yake. Nilisimama mlangoni, kisha nikakaa kwenye kiti kidogo cha watoto kwa sababu ndicho kilichokuwepo.

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza, akasema kwanza anieleze. Jana alikuwa chumba cha kadi. Akaingia mama mwenye mimba ya miezi saba, ambaye mtoto wake wa kwanza Dada ndiye aliyempokea, na wa pili pia. Yule mama alipomwona mezani alirudi nyuma, akamwomba nesi wa chanjo amwandikie kadi yeye. Hakusema ubaya wowote. Alisema, samahani dada, si kwa ubaya.

Nikasema nitamtafuta huyo Jicho la Mtaa hadi nimjue.

"Wa nini?" akauliza. "Aliuliza. Watu waliliona lile benchi, wana haki ya kuuliza. Jibu ulikuwa nalo wewe."

Nikamweleza sharti la sita. Nilieleza vizuri, nadhani. Nilieleza juu ya mbolea, na upendeleo, na jinsi watu wanavyoacha kuuamini ukumbi mwenye blogu akianza kubeba ndugu zake. Alinisikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa, macho usoni kwangu, bila kunikata. Nilipomaliza nilijisikia nimesema upuuzi.

"Kwa hiyo ningekuwa mtu baki," akasema, "ungeandika ulichokijua."

Nikasema ndiyo.

"Basi mdogo wangu, umenitoza gharama ya kuwa dada yako."

Hakuinua sauti. Aliweka shati la mwanawe juu ya rundo, akalilainisha kwa kiganja, akachukua jingine. Nililia pale kwenye kiti cha mtoto, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Aliniletea taulo. Ilikuwa na unyevu nayo. Hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia yamekwisha, na aliponisindikiza alisimama ndani ya mlango, hakutoka nje kama siku zote.

Jumamosi, 30 Machi

Nimeandika yote. Saa ya simu, king'ora, kiatu, watoto chini ya paa la ofisi ya shule, viatu vyake vyenye damu, barua tatu za kuomba mkunga wa pili. Nimesema nilijua tangu dakika ya kwanza na nikanyamaza ili nionekane mwadilifu.

Maoni ya kwanza: "Wiki nzima ulikuwa wapi?" La pili: "Ameshikwa sikio nyumbani." La tatu limenukuu sharti la sita neno kwa neno na kuniuliza, kwa heshima, kama bado linafanya kazi au limeisha muda. Maoni yote yana adabu. Nimeiondoa ile alama ya viganja na kubandua masharti ukutani. Plastiki imetoka na rangi ya ukuta.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kubwa. Duka halikufunguliwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Daftari la mapokezi la hospitali kubwa limeletwa. Limeandikwa: mgonjwa amefikishwa saa nne kasoro dakika ishirini, ameambatana na mkunga, jina la Dada, sahihi ya Dada. Uongozi umemwandikia barua ya mstari mmoja kwamba hana kosa. Nilichukua wiki nzima kutosema kitu kilichokuwa kwenye daftari la watu.

Nimeitangaza barua hiyo kwenye blogu. Jicho la Mtaa ameandika: "Nashukuru kwa ufafanuzi. Nilikuwa nauliza tu."

Jumatano, 10 Aprili

Amerudishwa wodini. Mke wangu ndiye aliyepata habari, kwake wifi anapokea simu. Wanawake wawili kati ya watano waliomba wasubiri nesi mwingine. Mmoja aliambiwa hakuna mwingine, akaondoka na mvua yake na mimba yake.

Jumanne, 16 Aprili

Dada ameomba uhamisho. Amekubaliwa haraka mno. Kwa barua tatu za kuomba mkunga wa pili hawakupata mtu, lakini wa kumwondoa huyu mmoja wamempata ndani ya siku nne.

Ijumaa, 19 Aprili

Mwalimu ameandika makala ndefu kuhusu uvunjaji wa ahadi za hiari. Hakunitaja jina. Mama Maua ameondoa viganja kwenye ukurasa wake bila kutangaza.

Jumamosi, 27 Aprili

Jua limetoka siku nzima. Nimeandika makala ya mwisho juu ya jambo hili, fupi. Nimemwomba radhi Dada hadharani, nikawaomba radhi pia wale wanawake watakaojifungua mwezi ujao bila yeye. Sikuweka masharti chini yake.

Jumatatu, 29 Aprili

Amehama leo. Nilifika saa moja asubuhi kusaidia kupakia. Hakunizuia. Tulibeba kabati pamoja, yeye mbele mimi nyuma, akiniambia kata kushoto, shusha, ngoja, kama alivyokuwa akiniongoza tangu utotoni. Dereva alifunga godoro juu kwa kamba. Watoto walikuwa wameshakaa mbele, wanagombania dirisha.

Mpwa wangu wa kike alichungulia akaniuliza, "Mjomba, kwa nini tunahama?"

Nilifungua kinywa. Dada alifika kwanza.

"Kazi, mama. Huko wanahitaji wakunga kuliko hapa." Kisha akanigeukia, sauti ya chini, watoto wasisikie. "Wao nimewaambia kazi. Hawatakuja kujua ni wewe. Sitaki wakuchukie, wewe ni mjomba wao."

Akapanda. Nilibaki nimeshika kamba ya ziada ambayo dereva hakuihitaji, hadi gari lilipopinda kwenye kona ya soko.

Nimerudi dukani, nikafungua blogu. Chini ya makala yangu kulikuwa na maoni tisa yanayosubiri kuidhinishwa. Yote yananisifu. Ujasiri, unyenyekevu, mfano wa kuigwa. La Jicho la Mtaa lilikuwa refu kuliko yote, na lilisema huu ndio uungwana ambao jamii yetu imeukosa.

Nimeyafuta yote tisa. Sikumwandikia mtu, wala sikusubiri kesho.